Mikorosho ya Mujibu

Somoe hakwenda chuo cha kilimo kwa kukosa pa kwenda, kama wanavyokwenda wengi, na hili liwekwe wazi mapema maana watu wa kijijini kwao Mkunya wana midomo. Alikwenda kwa ajili ya mikorosho ya baba yake. Marehemu Mujibu alikuwa ameacha mikorosho mikubwa, mizee, iliyoshikana matawi mpaka chini yake mchana ulikuwa kama magharibi. Kila mwaka ilitoa maua ya kutamanisha na korosho kiduchu. Ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, uliyala maua yakiwa bado machanga. Mama yake, Rahima, alihangaika kupulizia salfa kwa mashine ya kuazima, anakohoa mpaka anakaa chini, na mavuno yakija yanatosha chumvi na sabuni, basi. Binti akajiapiza kwamba atasoma mambo ya mikorosho mpaka ayajue, arudi aifufue ile ya baba, na mama apumzike.

Stashahada ni miaka miwili, na miwili si mingi ukiisema kwa mdomo. Chuo kilikuwa Masasi, huko chini kwenye joto, na Somoe alipanga chumba mtaa wa Mkomaindo pamoja na mwenzake aitwaye Queen, mtoto wa mwalimu. Queen alisema wazi kwamba yeye anangoja cheti tu akaombe kazi ya mezani, matope hapana. Somoe alikuwa akimcheka. Yeye alikaa mbele darasani, akauliza maswali hadi wenzake wakaguna, na mkufunzi wao, Bwana Bartholomayo, mtu mkavu asiyejua kusifia, alianza kumwita kwa jina.

Somo lililomkaa Somoe moyoni kuliko yote lilikuwa la kubebesha. Unaukata mkorosho mzee, unabakiza kisiki cha kufika magotini. Kisiki kikichipua unachagua machipukizi yenye nguvu, unapachika juu yake vikonyo vilivyokatwa kwenye mti wa mbegu bora, unafunga kwa utepe wa nailoni. Mizizi ni ile ile ya zamani, imeshazama mbali ardhini, kwa hiyo mti mpya haukui, unakimbia. Somoe alisikiliza akiwa anauona kabisa mkorosho wa kwanza kule nyumbani, ule wenye tawi alilokuwa akibembea utotoni.

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na kazi yake ya shambani, mkufunzi aje aikague, na bila hiyo hakuna stashahada. Queen alipanda mchicha nyuma ya nyumba ya kupanga. Somoe akasema yeye atabebesha mikorosho ya nyumbani kwao.

"Kata nusu," Bwana Bartholomayo alimwambia. "Nusu nyingine iwalishe wakati mnasubiri."

"Sawa, mwalimu."

Alipopanda juu Newala, hadi Mkunya, kumweleza mama yake, Rahima alimsikiliza huku akichambua mchele. Rahima alikuwa Mmakua wa Chidya, ameletwa Mkunya na ndoa, na mpaka leo mambo mengi ya watu wa pale aliyapita pembeni kwa adabu, kama mgeni anavyopita chumbani kwa wenyeji. "Mimi mikorosho najua kuiokotea tu," alisema. "Baba yako ndiye aliyejua. Sasa wewe ndiye uliyesoma." Ruhusa ikawa hiyo.

Msumeno wa mota alikuwa nao Abdulrazaki, mtoto wa shangazi yake Somoe. Huyu Abdulrazaki, jamani, alikuwa mtu wa kupendwa. Tangu Mujibu afe yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea madumu ya maji kwa pikipiki kisima cha nyumbani kikikauka, na kwenye arobaini alichinja mbuzi. Somoe alipomwendea na shida yake alidhani atabembeleza. Wapi. Abdulrazaki alikubali hapo hapo, akasema petroli ataweka mwenyewe, ujira hataki, watamwachia kuni.

Siku ya kukata alifika asubuhi na vijana wake, akauliza waanze wapi. Somoe akamwonyesha mstari wa katikati, akasema waishie hapo, nusu nyingine ibaki.

"Nusu ya nini, mdogo wangu?" Abdulrazaki alisema. "Ukibakiza mizee, si ubwiri wake utahamia kwenye michanga? Au siku hizi hawafundishi hivyo?"

Ni kweli hufundishwa hivyo. Somoe alijisikia raha kusikia mtu wa kwao akiongea kama darasani.

"Tena msumeno upo leo," akaendelea. "Kesho unakwenda Kitangari, na ukienda huko sijui utarudi lini. Uchungu wa kukata ni mmoja. Lia mara moja, unyamaze."

Mkufunzi alikuwa amesema nusu. Lakini mkufunzi alikuwa Masasi, na msumeno ulikuwa pale unanguruma, na Somoe alikuwa na ile haraka ya mtu aliyejua jambo jipya na anataka dunia ibadilike kabla ya chakula cha mchana. Akasema haya, kateni yote.

Jioni mwanga uliingia mahali ambapo haukuwa umeingia tangu yeye hajazaliwa. Rahima alisimama kwenye ukingo wa shamba, mkono kiunoni. "Kumbe ni kubwa hivi," alisema.

Mvua zilipofika visiki vikachipua. Somoe alipanda juu kila alipopata nafasi, vikonyo amevifunga kwenye kitambaa kibichi, akakaa siku nzima amepiga magoti na kisu chake kidogo, anakata, anapachika, anafunga. Vikashika. Majani ya kwanza yalitoka mekundu, laini, na yeye akayatazama akacheka peke yake. Alikuwa na furaha, tusimnyime hiyo. Alipiga simu kumweleza Queen, na Queen akamjibu kwamba mchicha wake umeliwa na kuku wa mwenye nyumba.

Jumamosi moja alipofika alikuta watu wanalima katikati ya visiki. Abdulrazaki alikuwa amesimama na jembe begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo na masomo?"

"Sijambo. Kaka, mbona mnalima huku?"

"Nalima kwetu," Abdulrazaki alisema, bila hata kupandisha sauti. "Tunaweka kunde kwanza, halafu mihogo. Visiki vyako hatutavigusa, usiwe na wasiwasi."

Hapa inabidi kueleza, maana mtu wa mbali anaweza kudhani Abdulrazaki alikuwa mwizi. Mujibu alikuwa Mmakonde, na kwa Wamakonde wa huko mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mtu akifa, ardhi ya ukoo inakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada. Watoto wake wa kuwazaa hubakiwa na kile alichokiweka kwa mkono wake: nyumba aliyoijenga, miti aliyoipanda. Miti ikisimama, hakuna mpwa wa kulima chini yake. Somoe alikulia kijijini akisikia watu wakisema mikorosho ya Mujibu, mikorosho ya Mujibu. Hata siku moja hakumsikia mtu akisema shamba la Mujibu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini, na Rahima, mtu wa Chidya, hakuwa na la kumwambia.

Kesi ilisikilizwa barazani kwa Mzee Majaliwa, mkubwa wa ule ukoo. Mzee alikuwa na jino linalomsumbua, shavu limevimba, na alitaka mambo yaishe upesi akalale. Rahima alikaa mkekani amejifunika khanga hadi machoni. Shangazi alikuwapo, hakumtazama wifi yake. Sheikh wa msikiti naye aliitwa, akasema kwa haki kabisa kwamba alichoacha Mujibu ni cha mke na mtoto wake na hakuna wa kuwanyang'anya, ila waonyeshwe kwanza ni kipi alichoacha.

"Aliacha mikorosho," alisema Abdulrazaki. "Nami niliiheshimu miaka yote, hapa hakuna asiyejua. Sasa mikorosho iko wapi?"

Somoe aliomba kusema. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga njia nzima. Akasema mkorosho uliokatwa haujafa. Akasema kisiki ni cha baba, mizizi ni ya baba, inakunywa maji pale pale ilipokuwa ikinywa baba yupo hai. Kilichoongezwa juu ni kikonyo tu, hakifiki hata unene wa penseli. Alisema vizuri, hata wazee wawili wakaitikia kwa kichwa, na Rahima akashusha khanga kidogo.

Mzee Majaliwa akashika shavu. "Mwanangu, wewe umesoma, sisi hatukusoma. Nieleze jambo moja tu. Hii mikorosho yako ikizaa, korosho zake zitakuwa zile za Mujibu, au hizi za hicho kikonyo ulichokuja nacho?"

Somoe aliliona shimo. Wallahi aliliona. Swali lenyewe lilikuwa limetoka kwenye mtihani wao, naye alikuwa amelipata. Angeweza kudanganya, na pale barazani hakuna mtu ambaye angembishia. Lakini alikuwa ametumia mwaka mzima kujifundisha kujibu ukweli wa mti, na ulimi ukatangulia.

"Za kikonyo, babu. Mzizi haubadilishi tunda."

"Kikonyo ulikitoa wapi?"

"Chuoni."

"Basi miti ni ya kwako, si ya Mujibu," alisema mzee, na hakusema kwa ubaya. "Ya Mujibu uliikata. Na wewe, mtoto wa mwanamke wa Chidya, ulipotaka kupanda miti yako kwenye ardhi ya ukoo huu, uliomba kwa nani?"

Abdulrazaki aliinamisha uso, akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. Ndipo Somoe alipokumbuka ile petroli ya bure, na lile neno la kulia mara moja. Alitaka kumwuliza mbele za watu kama alijua. Akamtazama, akaona kwamba alijua, na kwamba wote pale walijua pia. Siku ile msumeno ulisikika kijiji kizima, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Nyumba waliachiwa, maana Mujibu alichoma matofali yake mwenyewe. Watu wawili watatu walimshauri Rahima aende baraza la kata. Rahima akawauliza waliokaa kwenye baraza la kata ni kina nani kama si hawa hawa, wakaaga. Kurudi Chidya hakutaka. Kaka yake alikuwa na watoto wake na njaa yake. Usiku ule hakumlaumu bintiye hata kwa neno moja, na Somoe alitamani alaumiwe, apigwe hata, kuliko kulala chumba kimoja na ule ukimya.

Ikabaki stashahada. Visiki vichache vilikuwa havijabebeshwa, na kazi isiyomalizika haikaguliwi. Somoe alikaa siku kadhaa akisema hakanyagi tena pale, wacha chuo kiende na maji. Kisha akajitanda khanga akaenda kwa Abdulrazaki, akamwamkia, akamwomba ruhusa ya kuingia shambani amalize. Abdulrazaki alimkaribisha kiti. Akasema hapana shida, tena atafurahi sana, kwa kuwa yeye kubebesha hajui. Somoe akamaliza visiki vilivyobaki, akapalilia, akafyeka machipukizi yasiyotakiwa. Alifanya kwa uangalifu ule ule. Mkono ulikuwa haujui kufanya vibaya.

Bwana Bartholomayo alifika siku ya ukaguzi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Akapita kisiki kwa kisiki, anainama, anagusa maungio kwa kidole gumba, anaguna. Kunde zilikuwa zimetanda chini, kijani tupu. Abdulrazaki alikuwa anamfuata nyuma, mikono mgongoni, kama mwenyeji yeyote.

"Karibu vyote vimeshika," alisema mkufunzi hatimaye. "Huu mkono sijauona kwa mwanafunzi, kusema kweli." Kisha akamgeukia Somoe. "Hujaniambia. Shamba la nani hili?"

Abdulrazaki alimtazama Somoe kwa upole, akamwachia nafasi. Somoe alijua kwamba akisema la baba yangu, pataanza maneno, mkufunzi ataondoka ukaguzi ukiwa nusu, na atakuwa amepoteza na hicho kilichobaki. Ng'ambo ya uzio wa miti, uani kwao, mama yake alikuwa ameinama juani, na umbali ule sauti inafika.

"La kaka Abdulrazaki," alisema.

"Hongera, bwana," mkufunzi alimshika mkono Abdulrazaki. "Una mtaalamu ndani ya ukoo."

"Hata sisi tunashukuru," Abdulrazaki alijibu. "Tumempa kazi. Mwakani kuna mizee mingine ya upande wa mama yangu, tutamwita atubebeshee. Au siyo, mdogo wangu?"

Somoe akasema ndiyo, atakuja. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakumjua mtu wa kumpa.

Mkufunzi alipoondoka alirudi nyumbani. Rahima alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua majani ya kunde, anatupa mabua upande mmoja.

"Nimefaulu, mama."

"Nimesikia," alisema Rahima. "Umemjibu vizuri. Njoo unisaidie."

Somoe akakaa chini, akavuta ungo karibu. Majani yenyewe mama yake alikuwa ameyachuma asubuhi kule katikati ya visiki, baada ya kumwomba Abdulrazaki.