Folda ya Mbolea

Anyesi hakuwa mchawi. Hilo lieleweke mapema, maana aliyoyaandika kwenye kompyuta ya ofisi ya shamba la maua pale Usa River yangemfanya mtu adhani vingine.

Alikuwa katibu muhtasi. Lakini msiba ukitokea usharikani, wafiwa walimkimbilia yeye awachapie wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini. Walikuja wanalia, tarehe wamesahau, majina ya wajukuu wanabishania. Anyesi akachoka. Akaona heri auandike mapema, wenyewe wangali wazima, aache tu nafasi ya tarehe ya kifo. Ndani ya miaka mitatu alikuwa amewamaliza watu sitini na wawili, na wote walikuwa wakimsalimia barabarani. Folda akaiita MBOLEA, ili mtu asihangaike kuifungua.

Jamani! Ofisi ya shamba, folda uiite mbolea?

Mwaka huo wa tisini na saba kompyuta ikaingiwa na virusi. Fundi wa mjini akasema kesho anakuja kufuta kila kitu. Wanachokitaka wakihamishie kwenye flopi. Flopi zilikuwa sita tu. Mzee Aminieli, mwenye shamba, akavuta kiti ubavuni mwa Anyesi achague mwenyewe.

"Barua za Waholanzi wanunuzi wa maua?" Anyesi akauliza.

"Weka tiki."

"Maombi ya likizo?"

"Acha. Hayo wenyewe hawayasahau."

Ikabaki flopi moja.

"Hiyo Mbolea mbona unairuka?"

"Ya zamani, Mzee."

"Mbolea haina uzamani. Fungua."

Anyesi akaifungua shingo upande. Kazi ndiyo hiyo inaota mbawa! Majina yakajipanga, na Aminieli alikuwa wa kwanza. Mzee akasoma kwa sauti:

"Marehemu alikuwa mchapakazi, asiyependa uzembe. Ameacha mjane, watoto watano, na mdogo wake Sifaeli, ambaye hawakusemezana naye miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mfereji wa maji."

Akamgeukia Anyesi.

"Umeniua lini?"

"Bado, Mzee. Nimeacha nafasi."

"Hayo ya Sifaeli futa."

Hapo Anyesi angenyamaza, lakini mdomo wake haukuwahi kumsikiliza. "Nikifuta, Mzee, watu si watatazamana? Meru nzima wanajua. Na wakiita familia kuweka mashada, Sifaeli ataitwa kama nani?"

Mzee akachukua funguo za pikapu, akatoka bila kuaga. Anyesi akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, kanga, kitabu cha nyimbo. Alijilaani kwa umbea wake, akalia kidogo.

Saa kumi jioni Mzee akarudi. Viatu vilijaa tope, macho mekundu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na mkungu wa ndizi ambao hakuondoka nao.

"Futa sasa," akasema. "Andika kwamba waliuzibua mfereji pamoja. Halafu hiyo flopi ya mwisho iweke Mbolea."

"Na ripoti za dawa za kupulizia maua, Mzee?"

"Tutaandika nyingine." Akaketi, akavisogeza vile vitu vya Anyesi pembeni. "Kwanza nifungulie ya Sifaeli. Amenituma niangalie umemwandikaje."