Kizazi cha Sajini Pruitt Chatoa Ushahidi

Jumanne saa sita mchana, Ladonna Pruitt alikuwa jikoni kwake, Oklahoma, akikaanga bamia, pale kizazi chake kilipobisha mlango wa nyuma. Kilikuwa kimetolewa tumboni mwake kwa upasuaji miaka kumi na tisa nyuma, katika hospitali ya jeshi huko Ujerumani. Kilikuwa na ukubwa wa tunda la peasi, na uvimbe wake ubavuni kama limau. Kilibeba begi la kijeshi lililokizidi mara nne, na mchanga wa Iraki ulikuwa bado umekikaa mikunjoni.

"Jikung'ute kwanza," Ladonna alisema. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Kikajikung'uta, kikaingia, kikaomba maji.

Hakikuja kutembea tu. Wiki iliyotangulia, ofisi ya madai ya maveterani, askari waliostaafu, ilikuwa imemkatalia Ladonna dai lake la matibabu mara ya tatu. Ilitaka taarifa ya shahidi aliyetumikia naye na kuyaona yaliyompata kwa macho yake. Sasa nani aliona? Ladonna aliendesha lori la mafuta jangwani mwaka mzima, mwanamke peke yake katika msafara wa wanaume arobaini, na msafara hausimami kwa sababu dereva anavuja damu. Tabibu wa kikosi alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia neno lile ambalo matabibu wa jeshi humwambia kila askari, awe anaumwa jino au ametobolewa na risasi: kunywa maji, badilisha soksi. Akaliandika hivyo hivyo kwenye faili.

Siku hizi makovu ya upasuaji yalimvuta tumboni hadi ngazi sita za kanisani zikawa mlima. Kliniki ya wanawake ingempokea kesho yake, mradi ofisi ikubali kwamba alianza kuugua akiwa jeshini. Hilo tu.

Akakipeleka kizazi kwa Virgil Stumbo, mzee wa vita vya Vietnam, aliyewajazia wenzake fomu katika ukumbi wa maveterani, kati ya meza ya mchezo wa bingo na friji ya bia. Virgil alikitazama juu ya miwani.

"Kilikuwepo huko?"

"Mwanzo mwisho, mzee."

"Basi ni mwenzako wa vitani. Kiandike." Akalamba kidole, akafunua fomu. "Cheo?"

"Sikupandishwa," kizazi kilisema.

"Karibu chamani."

Kiliandika kurasa tatu, kikatia sahihi nzuri kuliko ya Virgil.

Ofisini walipewa namba arobaini na saba, wakasubiri saa mbili. Mkongwe mmoja mwenye nyonga ya chuma alikipisha kiti, kwa adabu ya kulelewa.

Mpokea madai aliitwa Fenwick, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni.

"Shahidi amemfahamu mdai tangu lini?"

"Tangu kabla hajazaliwa."

"Uhusiano?"

"Nilikaa kwake."

Fenwick akaandika: mpangaji wa zamani. Kisha akamgeukia Ladonna. "Ukurasa wa pili unauliza tezi dume."

"Sina."

"Uliipoteza ukiwa jeshini?"

"Baba, niulize damu. Miezi minane nilikalia taulo nikiendesha tani kumi na tano za petroli!"

"Damu ina kisanduku chake, mama. Hakipo kwenye fomu hii." Akakitazama kizazi kwa huruma ya kweli. "Nawe, unajisikiaje leo?"

Kizazi, kwa mazoea ya jeshi, kikajikaza.

"Niko sawa, afande."

Ladonna akafumba macho. Kalamu ya Fenwick ilikuwa imeshaanza kutembea.

Barua ilifika baada ya wiki sita, pamoja na kifurushi. Virgil aliisoma kwa sauti, wachezaji wa bingo wakasubiri. Ofisi ilimshukuru Sajini Pruitt kwa utumishi wake. Kuhusu kizazi, dai limekataliwa, kwani kiungo kinachodaiwa kupotea kilihudhuria chenyewe na kueleza kuwa kiko sawa. Kuhusu miguu, ofisi imeona kwenye faili kwamba mdai alitibiwa kwa soksi akiwa vitani, hivyo miguu yote miwili imekubaliwa kuwa iliumia jeshini, na itatibiwa na bingwa wa miguu maisha yake yote.

"Miguu haijawahi kuniuma," Ladonna alisema.

"Usiwaambie," Virgil alisema. "Wataikata."

Kwenye kifurushi mlikuwa na jozi tatu za soksi za kijani.

"Samahani," kizazi kilisema. "Lile neno 'niko sawa' lilinitoka tu."

"Najua. Hata mimi lilikuwa linanitoka." Ladonna aliinuka kufuata fomu ya rufaa. Kovu likamvuta, akashika ukingo wa meza mpaka likaachia. Kisha akamimina glasi mbili za maji.

Ukumbi ulikuwa na baridi. Kizazi kilijivika soksi. Moja ilikitosha chote.