Zulia chini ya mizani

Saa tatu asubuhi mizani ya zahanati ya mtaa wa juu ilimsomea fundi cherehani kilo themanini na nane. Fundi huyo, ambaye kwa ajili ya mwili wake wa miraba minne watu walimbatiza Sindano, alishuka, akapanda tena, akaangua kicheko.

“Jamani! Jana kule mtaa wa chini nilikuwa tisini na moja. Kumbe dawa ya kupungua ni kuvuka barabara?”

Foleni nzima ikacheka. Mratibu wa mpango wa afya wa mtaa wa juu hakucheka. Alasiri ile afisa afya wa wilaya angekuja kuchagua mpango mmoja wa kuzuia unene wa kupindukia, usambazwe mitaa yote, mwingine ungefungwa. Mpango wa mratibu ulikuwa wa matembezi. Ule wa mtaa wa chini ulikuwa wa mapishi, na aliyeuongoza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Kwa takwimu zilizokwishapelekwa wilayani, mratibu alikuwa ameshinda mchana kweupe. Ndiyo maana wifi aliwaleta wanachama wake waone wenzao wanavyofanya.

“Wifi, mizani yako ina huruma,” alisema wifi kutoka mlangoni. “Au yangu ndiyo ina roho mbaya?”

“Yako imechoka.”

“Nilijua utasema hivyo.” Akaitoa kikapuni, akaiweka palepale mlangoni, kwenye saruji. “Sindano, hebu njoo.”

Tisini na moja.

Mratibu akabeba ya kwake, akaiweka kando ya ile. Tisini na moja. Akazirudisha zote mbili katikati ya chumba, juu ya zulia. Themanini na nane, zote.

“Basi mimi nahamia hapa kwenye zulia,” alisema Sindano.

Mratibu alipiga magoti. Viguu vya mizani vilikuwa vimezama kwenye manyoya, tumbo la mizani limelala juu ya zulia. Sehemu ya uzito ilibebwa na zulia badala ya viguu. Zulia lilitoka sebuleni kwake. Wakati wa baridi wanawake walilalamika kwamba saruji inawauma nyayo, wengine wakaanza kukwepa kupimwa. Alipolitandika, wakarudi. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vimechukuliwa kabla ya hapo, kwenye sakafu tupu. Kibaya zaidi, kwenye maelekezo aliyowatumia waratibu wa mitaa mingine aliwashauri watandike kitu laini.

Wifi alimvuta pembeni.

“Kundi lako lilipungua kilo ngapi kwa wastani?”

“Tatu na nusu.”

“Na zulia limekula tatu. Utamwambia afisa, au nimwambie mimi?”

“Nitamwambia mwenyewe. Zulia ni langu.”

“Kaka yangu akiniuliza mbona mkewe kanuna, nitasema umeshindwa na zulia.”

“Mwambie alikuja nalo yeye nyumbani.”

Afisa alifika saa tisa. Mratibu alimweleza akiwa amesimama, akamwonyesha kwa mizani zote mbili, huku Sindano akipanda na kushuka kama shahidi mahakamani.

“Kwa hiyo matembezi hayapunguzi uzito?” afisa aliuliza.

“Sijui. Kwa leo hilo ndilo jibu la kweli.”

“Na mapishi?”

“Wangu wamepungua kilo moja,” alisema wifi. “Ndogo, lakini ni ya kwenye saruji.”

Afisa akasema hachagui mtu. Mipango yote miwili iendelee, wote wapimwe upya, kwenye saruji.

“Basi wa kwako watembee mpaka jikoni kwangu,” wifi alimwambia mratibu, “wapike na wangu, halafu wote warudi kwa miguu. Au unaogopa nitakunyang’anya watu?”

“Naogopa watakula njiani. Tuanze Jumatatu.”

Afisa alipoondoka, mratibu aliketi na simu yake. Kwenye kundi la waratibu aliandika: “Ushauri wangu wa kutandika kitu laini chini ya mizani ulikuwa makosa. Kinapunguza kipimo. Ondoeni mlichotandika, mpime upya. Takwimu zangu za awali msizitumie.”

Mtaa wa sokoni ulijibu kwanza: wao hawakuwahi kutandika. Saa kumi na robo likaja jibu la mtaa wa stesheni: “Sisi tulitandika. Tumeshatoa. Tunaanza upya kesho.”