Sweta la Zizini

Torgeir alikuwa hajui kufunga begi. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe Borghild, na Borghild alizikwa mwezi wa Novemba, siku ambayo dhoruba ya theluji ilifunga uwanja wa ndege. Binti yao wa pekee, Ragnhild, akabaki Oslo na tiketi mkononi, mama yake akafukiwa yeye hayupo. Sasa ilikuwa Januari, baba anakwenda kumwona mwanawe. Kitandani palikuwa na mlima wa nguo, naye hajui aanzie wapi.

Bintiye alikuwa amemwomba kitu kimoja tu kwenye simu.

"Baba, niletee sweta la mama. Lile la zizini."

"Lile kuukuu? Si nikuletee lile zuri la sikukuu?"

"La zizini, baba. Sitaki lingine."

Borghild alilifuma mwenyewe, akalivaa kila asubuhi kwenda kulisha kondoo, mpaka viwiko vikalika. Kule kwao kaskazini kila mtu anajua kuwa sufu haifuliwi ovyo. Hutundikwa nje kwenye theluji, upepo ukaisafisha, basi. Torgeir naye alijua. Ila mtu mwenye majonzi akili yake haiko nyumbani, na jirani yake Arnfinn, aliyekuja kunywa kahawa, hakumsaidia.

"Ukipanda ndege na hilo," alisema Arnfinn, akilinusa na kukunja uso, "abiria watauliza kondoo dume kakaa kiti gani."

"Kunywa kahawa yako uende zako."

"Nakwambia kwa wema, mzee mwenzangu. Na hizo soksi ulizovaa je? Mjini utavua viatu mlangoni kama hapa, watu wauone huo uzi mwekundu kisiginoni. Nunua mpya. Usimwaibishe mtoto."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Torgeir akaenda dukani, akanunua soksi nyeusi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliporudi akalitia sweta kwenye mashine ya kufulia. Katika mashine ile alijua kitufe kimoja tu, cha mashuka, cha maji ya moto kabisa. Akakibonyeza kwa moyo safi, akaenda kuwatazama kondoo.

Aliporudi akafungua mashine. Sweta lilikuwa limenywea na kukakamaa kama zulia, linamtosha mwanasesere. Akalivuta mikono, likagoma. Akalinusa. Sabuni. Kondoo hawamo, moshi wa jiko haumo, Borghild hayumo. Maji yakimwagika hayazoleki. Torgeir alikaa kwenye sakafu ya bafu akalia kwa sauti, jambo ambalo hata makaburini hakulifanya.

Asubuhi ya safari alivaa kama mtu wa kwao avaavyo: fulana ya sufu juu ya ngozi, suruali ndefu ya ndani ya sufu, kisha shati, sweta lake na koti zito. Wao husema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Zile soksi nyeusi alizijaribu, sakafu ikamuuma nyayo, akaziona upuuzi. Akarudia zile kuukuu za kijivu, akatia nyeusi mfukoni mwa koti. Angebadilisha chooni akitua Oslo, kabla hajaonwa na mtu. Sweta la mkewe akalifutika chini kabisa ya begi. Alifikiria kudai kwamba amelisahau, lakini uongo ule aliuona mzito kuliko begi lenyewe.

Ragnhild alikuwa anamngoja pale pale wanapotokea abiria. Akamkumbatia, akamnyang'anya begi, na habari ya choo ikaishia hapo. Ndani ya treni walizungumza habari za kondoo na theluji, wala sweta halikutajwa.

Walipoingia nyumbani, wakiwa bado na makoti, Ragnhild hakuweza kusubiri zaidi.

"Umelileta?"

"Nimelileta. Lakini mwanangu, nimeliharibu. Nililifua."

Ragnhild alifungua begi, akalichomoa sweta, akaliweka usoni. Hakugomba. Torgeir alitamani bora angegomba.

"Linanuka sabuni," alisema binti. "Mimi nilitaka kumnusa tu, baba. Sikumuaga."

Torgeir akainama kufungua kamba za viatu, maana hata mwenye msiba haingii na viatu ndani. Akavua kimoja, akakumbuka soksi, akauficha mguu nyuma ya mwenzake. Alikuwa amechelewa.

"Hebu nione."

"Acha, zimechakaa. Nina mpya mfukoni."

"Baba, lete mguu."

Alipiga magoti mbele yake. Kisiginoni uzi mwekundu ulipita juu ukapita chini, umeishia kwenye fundo nene lililokaa upande. Borghild alikuwa mfumaji hodari, lakini kuficha fundo hakujua maisha yake yote. Glavu zote za utoto wa Ragnhild zilikuwa na fundo kama hilo, likimkwaruza kiganja.

"Alizishona lini?"

"Wiki ile ya mwisho. Tulipanga kuja kwako Krismasi. Nikamwambia apumzike, akakataa. Uzi wa kijivu umekwisha, akachukua mwekundu. Akasema hanileti kwa mtoto wake visigino viko nje."

Ragnhild alilaza uso wake pale pale, juu ya mguu wa baba yake, akalia kilio alichokiweka tangu Novemba. Torgeir alimshika kichwa. Baada ya kitambo binti aliinuka, machozi na kicheko vikigombana.

"Zinanuka, baba."

"Nilipita nazo zizini asubuhi."

"Zivue. Na mtu asizifue."

Torgeir akazivua, akamkabidhi, akavaa zile nyeusi. Miguu ilimganda siku zote alizokaa Oslo, na hakulalamika hata mara moja.