Breki ya Watu Wawili

Marehemu mume wangu, Luhende, alikuwa bwana shamba wa pamba, na Volkswagen yake yenye mgongo wa kobe ilikuwa na breki ya watu wawili. Yeye alikanyaga, mimi nilivuta. Pedali ilitaka kukanyagwa mara tatu ndipo gari lisikie, na kwenye mteremko nafasi ya mara tatu huipati. Basi alikuwa akisema, "Mama Jonathan, vuta," nami navuta breki ya mkono iliyo katikati ya viti. Mwishowe hakusema tena. Nikiona goti lake limesogea, nimeshavuta.

Hivyo ndivyo tulivyopeleka watoto wanne Magu kwa wakwe zangu, mchanga nimempakata mkono wa kushoto, breki mkono wa kulia. Mawifi walinicheka sana. Walisema kaka yao hakuoa mke, ameoa utingo.

Alipofariki, gari lilikaa chini ya turubai hapa Kiseke miaka sita. Mwaka huu Jonathan, mwanangu mkubwa, akapata mteja. Nikamwomba asiuze, binti yake Selina ana leseni, ataliendesha. Jonathan akasema hawezi kumpa mtoto wake jeneza lenye magurudumu. Tukabishana wiki nzima, tukafika hapa: fundi aweke breki mpya, Selina atuendeshe mpaka Magu na kurudi. Likisumbua njiani, mteja anachukua.

Fundi Faisal wa Butimba akatoa zile breki za dramu za magurudumu ya mbele, akafunga za diski. Alinionyesha breki za zamani zilivyolika mpaka chuma, akauliza tulikuwa tunasimamaje. Nikamwambia tulikuwa tunasimama tu, baba. Akacheka, akasema sasa ni kugusa kwa kidole cha mguu.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Selina kwenye usukani, mimi kiti changu, Jonathan nyuma amekunja magoti, kimya kama mwalimu anayesimamia mtihani. Injini ilinguruma huko nyuma vilevile, viti vilinuka vilevile, na mara mbili nilitaka kumwambia Luhende apunguze mwendo.

Kwenye mteremko mmoja njia ya Magu, ng'ombe wakaingia barabarani. Goti la Selina likasogea. Nikavuta.

Gari likazungusha mkia, likazimika limekaa mshazari, ng'ombe wanatutazama. Mwenye ng'ombe akauliza kama tumekuja kununua au kuua.

Jonathan alishuka, akatoa simu, akasema basi, amemaliza, anampigia mteja. Selina alikuwa anasema hajui amekosea wapi. Ningenyamaza, lawama ingemwangukia mtoto, au fundi wa watu, na gari lingeondoka.

"Ni mimi," nikasema. "Nimevuta."

"Umevuta nini, mama?"

"Breki. Niliona goti linasogea."

Jonathan akacheka, kicheko kilekile cha baba yake, akasema kumbe utingo bado yuko kazini. Akaniambia nihamie nyuma. Nikakataa. Nikamwambia tupande tena, tuteremke tena, mimi nikiwa hapahapa.

"Nikivuta, uza."

Selina akageuza gari. Tulipoanza kuteremka nikaikalia mikono yangu yote miwili. Goti likasogea. Vidole vilinitambaa kama vina wadudu, lakini sikuvitoa. Gari likapunguza, likapunguza, likasimama pembeni mwa barabara kama mtu aliyeombwa kwa adabu.

Sikuwa na kazi ya kufanya. Nikageuza uso dirishani, na kushoto kwangu kulikuwa na ziwa, limetandazwa chini ya mashamba ya mpunga, na mitumbwi midogo kama punje.

Nikamwuliza Jonathan tangu lini ziwa linaonekana kutoka hapa.

"Siku zote, mama. Sisi huku nyuma tulikuwa tunahesabu mitumbwi."

Nikamwambia Selina azime gari kwanza.