Mabati ya Pasaka

Bwana Nehemiya, meneja wa kampuni ya unga, alitoka ofisini kwake Kakiika, Mbarara, akaja mpaka kinu chao cha Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliwakalisha wafanyakazi juu ya magunia akawaambia kwamba kampuni inataka kuwapa motisha, na lengo watajiwekea wenyewe. Yeye alipendekeza zawadi kwa mfanyakazi bora mmoja, na picha yake ukutani.

Kambini mtu akipewa peke yake, kesho yake wameshaanza kumsema, na akiugua hata mafua majirani wanasema wanajua sababu. Libère, Mrundi aliyekuwa msimamizi wa kinu, akasimama kuwasemea wenzake. Wapewe wote au asipewe mtu. Alitaka mabati, maana mashitingi, maturubai ya plastiki yaliyofunika nyumba zao, yalikuwa yamechanika na mvua ilikuwa karibu. Kuhusu lengo, alichagua lile aliloliona jepesi kuliko yote, kwa sababu kinu hakikuwa kimemuumiza mtu tangu kifunguliwe: wafike Pasaka bila ajali.

"Mmoja akiumia, wote hakuna mabati," Nehemiya alimwambia Libère akitabasamu. "Si ndiyo, ssebo?"

Wakapiga makofi.

Katikati ya Kwaresima, mkanda wa mashine ulimkamata Bienvenu mkono wa kulia. Bienvenu alikuwa Mkongomani wa Fizi, mtu wa mizaha ambaye hata kwenye matanga watu walijitenga naye wasije wakacheka. Aliuchomoa mkono, akautumbukiza ndani ya gunia tupu, akakaa chini. Libère alizima mashine akaja kuangalia. Vidole viwili vilikuwa vimesagika. Alitaka kuita bodaboda, Bienvenu akakataa.

"Yaya, kaka yangu, nikienda ku hospitali bataandika ajali," alisema. "Batu bote banangojea mabati. Nitaishi nabo namna gani?"

Libère aliwageukia wenzake wamsaidie kumshawishi. Hakuna aliyemtazama. Ancilla, mjane aliyekuwa akishona magunia, alichana kitenge chake, akamfunga jeraha kwa upole kama anamfunga mwanawe. Kisha akachukua ufagio akafagia unga wenye damu.

Tangu siku hiyo walimfanyia Bienvenu kazi zake zote. Walimnunulia dawa dukani, wakamletea maziwa, wakamkalisha mlangoni wakimtania kwamba amepanda cheo, sasa yeye ndiye patron, bosi wao. Naye alicheka, akawaamuru wampepee. Libère hakujua aanzie wapi. Kama wangekuwa watu wabaya angewafokea. Hawakuwa wabaya.

Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, ukaanza kunuka. Libère akampigia simu Nehemiya, akamweleza yote bila kuficha. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Badala yake Nehemiya akasema kwa sauti ya chini:

"Libère, mimi pia niko na lengo langu. Ripoti ilishaenda kwa wakubwa, inasema ajali hakuna. Peleka huyo mtu hospitali, lakini aseme aliumia shamba."

Libère alimpeleka Bienvenu hospitali ya Mbarara mchana uleule. Hakuhitaji kumfundisha la kusema. Kabla hata hajakaa vizuri, Bienvenu alimwambia daktari kwamba alijikata na panga akifyeka shamba. Daktari aliutazama ule mkono, akamuuliza Libère kama ni kweli. Bienvenu alikuwa amemkazia macho, jasho linamtiririka.

Libère akasema ni kweli.

Mkono ulikatwa juu ya kifundo.

Jumatatu ya Pasaka lori lilileta mabati. Nehemiya aliwasifu kwa umakini wao, bila kumtazama Libère, akauliza sasa wanataka lengo gani mpaka Noeli. Libère alifungua mdomo. Wenzake walimtangulia: lilelile. Ancilla ndiye aliyesema kwa nguvu kuliko wote, na safari hii alitaka magodoro.

Chantal, mke wa Bienvenu, alikuja kuchukua fungu la mume wake, aliyekuwa bado amelazwa Mbarara. Libère alishika upande mmoja wa mabati na yeye upande mwingine, wakayabeba mpaka nyumbani kwake. Walipoyashusha, manyunyu yalikuwa yameanza. Chantal alisimama akiitazama shitingi iliyotoboka.

"Bienvenu alisema hataki fundi," alisema. "Eti atapigilia yeye mwenyewe."

Libère alimwambia asijali, atapigilia yeye.

"Aksanti, yaya. Na shamba, utamulimia? Na vifungo vya shati, utakuja kumufungia?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Libère akaenda kwa jirani kuazima nyundo.