Pale Juu, Sauti ni ya Marketta

Bendi yetu, Routakruunu, imebadilisha watu kuliko gesti ya stendi. Wapiga ngoma wanne wamepita. Mpiga besi alikwenda kuwa mchungaji wa kanisa mjini Lapua. Mpiga gitaa alioa, akaambiwa achague. Wa kudumu ni Osmo tu, mpiga kinanda, mtunzi wa nyimbo zote na mwenye jina la bendi. Mimi, Henriikka, ni mwimbaji wa tatu. Marketta, aliyenitangulia, aliachishwa kazi na Osmo kwa ujumbe wa simu akiwa kwa mama yake, anachuma beri.

Muziki wetu ni metali, ile roki nzito, nao unataka kwaya na okestra, na watu sitini hawaenei kwenye basi letu dogo, kwa hiyo vyote hutoka kwenye kompyuta ya Osmo. Hilo kila shabiki analijua. Wasilolijua ni kwamba ile noti ya juu kabisa ya wimbo wa mwisho, inayowatoa watu machozi, siifikii. Nafumbua mdomo tu. Anayeimba ni Marketta, kutoka kwenye rekodi ya zamani. Osmo anasema mashabiki hawana masikio hayo, nami napokea maua.

Kiangazi hiki tulipiga kwenye tamasha la Joensuu. Baada ya onyesho niliingia sauna ya wanawake, chumba cha mvuke tunamooga uchi huku kwetu, nikamkuta Marketta amekaa ngazi ya juu, uchi kama mimi, kata mkononi. Nilitaka kugeuka, lakini alishaniona. Nikakaa ngazi ya chini yake.

Akamwaga maji juu ya mawe ya moto. Mvuke ukapanda.

"Umeimba vizuri, mdogo wangu," akasema. Sauti ilikwaruza, nikadhani ni joto. "Hasa pale juu."

Kwa aibu sikumwangalia. Nikamwambia ukweli ambao aliujua kuliko mimi, nikaapa kwamba kesho Osmo ataifuta ile rekodi, atake asitake.

"Aifute?" Akainua kidevu. Chini ya koo palikuwa na kovu bichi. "Daktari alitoa uvimbe, sauti nayo ikaenda. Siku hizi hata paka nikimwita hageuki. Ile ndiyo iliyobaki, Henriikka. Msiiguse."

Nikamuuliza, basi nifanye nini.

"Pale ufunge mdomo."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Angenitukana ningejua pa kujitetea.

Jumamosi iliyofuata, kwenye onyesho la mjini Oulu, wimbo wa mwisho ulipofika pale juu nikashusha maikrofoni, nikabana midomo. Sauti ya Marketta ikapanda yenyewe juu ya ngoma na magitaa. Watu wa mbele wakanitazama mdomo, kisha wakatazamana. Mmoja akacheka, wakafuata wengi. Nyuma ya kinanda Osmo alinikodolea macho, akinionyesha kwa kidevu nifumbue. Nilisimama mbele ya wote nikiungua kwa aibu, na sikufumbua mdomo hadi Marketta alipomaliza.